Gramu Mia Sita Zilizokataa Kuchipua

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Ukaguzi wa Mizani,
kwa mkono wa karani wa mapokezi, ambaye naomba safari hii asiifungue kwanza.

Ndugu Mkuu,

YAH: MALALAMIKO RASMI DHIDI YA GRAMU

Nakusalimu kwa heshima, na kwa mazoea pia, maana tulikaa meza moja miaka tisa kabla wewe hujapandishwa cheo na mimi sijapandishwa. Sina kinyongo. Kichwa cha barua kinajieleza, lakini naijua tabia ya Ofisi: barua ya mstaafu husomwa mistari miwili, kisha hutiwa kwenye jalada la salamu na maoni. Hii si salamu wala maoni. Ni mashtaka, na nimeyaandika kwa nakala tatu.

Unanifahamu. Kwa miaka thelathini na moja nimekagua mizani za watu. Nimewanyang'anya wauza nyama mawe yaliyotobolewa chini na kujazwa nta. Nimemkamata muuza maharage aliyebandika sumaku mgongoni mwa sahani, akaniapia kwa watoto wake kwamba ilijibandika yenyewe. Sijapokea hata kitunguu kimoja cha asante. Sokoni waliniita Bwana Gramu, na jina hilo likanifuata hadi nyumbani, ambako hata mama mzazi alilitumia alipotaka kunitania. Nayasema haya ili ujue kwamba anayezishtaki gramu leo si mtu aliyezichukia tangu mwanzo. Ni mtu aliyeziamini.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Mama yetu alifariki miezi mitano iliyopita. Alikuwa mfua nguo wa hospitali maisha yake yote ya kazi, mashuka meupe asubuhi hadi jioni, na nadhani ndiyo sababu akirudi nyumbani hakutaka kuona cheupe. Alipanda dalia. Kwa faida ya wale wa ofisini wasiojua maua, dalia ni ua kubwa lenye petali zilizopangana safu kwa safu, na mama alilipanda kwa viazi vyake, ambavyo hukaa chini ya shina vikiwa vimeshikana shingoni. Majani yakinyauka alivichimbua, akavikausha kivulini, akavifukia katika unga wa mbao ndani ya katoni, na katoni akaisukuma mvunguni. Mvua zikikaribia alivitoa. Rangi yake ilikuwa moja tu, nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Nimetembea masoko mengi kwa kazi yangu na sijaiona rangi hiyo kwingine.

Alituacha watoto watatu. Mimi ni kifungua mimba. Anayenifuata ni dada yangu, mshonaji wa nguo. Kitinda mimba wetu ni kinyozi. Vyombo, vitanda na redio tuligawana siku moja bila mtu kunyanyua sauti, kwa sababu nyumba ilikuwa ya kupanga na ilitakiwa iachwe wazi. Halafu mke wangu akainama, akatoka mvunguni na katoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wahenga hawakutufundisha wakiinama watatu wagawane vipi. Ndani ya unga wa mbao mlikuwa na fungu moja la viazi, la mwisho. Dada alisema lipandwe zima mahali pamoja, popote, na tuligawane msimu unaofuata likishaongezeka. Kinyozi akasema yeye hana neno. Mimi nikasema haki haina msimu unaofuata, nikaenda kuleta mizani.

Sasa nayaorodhesha malalamiko yangu.

1. Kwamba mgawo ulikuwa halali. Nilitumia ile mizani ya sahani mbili mliyonizawadia siku ya kuniaga, yenye muhuri wa Ofisi ambao bado haujafutika. Fungu lilikuwa na kilo moja na gramu mia nane, kwa hiyo kila mrithi alistahili gramu mia sita. Kwa kuwa viazi vilikuwa vimeshikana, nilivitenganisha kwa kisu, nikazipunguza zile shingo zenye kokoto na vinundu ili kila kimoja kiwe safi na kipimike vizuri. Kama desturi ya nyumba yoyote yenye adabu, mkubwa alichagua kwanza. Nilichukua vitatu vinene, laini, vilivyonyooka, ambavyo ungeviweka dirishani mwa duka bila aibu. Kinyozi akachukua vya kati. Dada akabaki na vilivyobaki, pamoja na uchafu wa juu kule kwenye kisiki cha shina la zamani, kipande kigumu chenye mabaka ambacho nilimshauri akitupe, ila kilihitajika kutimiza uzito. Mke wangu aliguna kwamba mchagua nazi hupata koroma. Nilimjibu kwamba hapa hatugawi nazi. Mwisho wa zoezi, kila mgawo ulitimia mia sita, wala hapakuwa na gramu ya nyongeza.

2. Kwamba gramu zangu mia sita hazifanyi kazi. Mvua zilipoanza nilizipanda kwenye ukanda wa bustani ulio mbele ya baraza, kina cha shubiri moja, umbali wa hatua moja moja, nimepima. Sikuzimwagilia kabla hazijachipua, maana mama alikuwa mkali juu ya hilo. Nilifungua daftari la ukaguzi. Leo ni siku ya sabini na saba, na daftari lina mistari sabini na sita inayosema "Hakuna", pamoja na mmoja wa siku ya thelathini na tatu unaosema "Kuna?" Yalikuwa magugu. Siku ya arobaini nilikifukua kiazi kimoja kukihoji. Kilikuwa kizima, kinene, kimetulia kama mtumishi aliye likizo yenye malipo. Hakikuwa kimeoza, hakikuwa kimechipua. Ndugu Mkuu, ng'ombe wa maskini hazai, hilo tunalijua, lakini mimi si maskini. Nina gramu mia sita.

3. Kwamba gramu za dada yangu zinafanya kazi kupita kiasi. Zilichomoza siku ya kumi na sita. Sikuambiwa na mtu, nilijionea mwenyewe nikiwa njiani kwenda kununua mkate. (Ni kweli kwamba duka la mkate liko upande mwingine. Mtu akistaafu anahitaji kutembea.) Mmea sasa unamfika dada kifuani. Jana nilihesabu maua kumi na manne yaliyofunguka na matumba tisa, na hapo ni kwa kuhesabu kupitia upenyo wa ukuta, nikiwa nimesimama kwa ncha za vidole, huku jirani yake akinisalimia mara mbili bila sababu. Rangi ni ileile ya mama.

Na hapa kuna kosa ndani ya kosa. Mmea umekuwa mzito, ikabidi uegemezwe. Unajua ameuegemeza kwa nini? Kwa rula yake ya mita, ile ya mbao ya kushonea, iliyopigwa muhuri na mimi mwenyewe mwaka aliofungua duka. Ameichomeka ardhini hadi sentimita ya thelathini na kuufunga mmea kwa vipande vya kitambaa. Kipimo halali cha urefu kimegeuzwa mkongojo wa ua. Nilipompelekea salamu za onyo kupitia kwa mke wangu, alijibu kwamba miaka yote ile rula haikuwahi kumsaidia mtu, acha angalau imsaidie huyu.

4. Kwamba limeanzishwa fundisho la jicho. Katika wiki ya sita nilimwandikia dada barua, kwa lugha ya heshima, nikimtaka alete mgawo wake upimwe upya. Tangu hapo hatusemezani. Yeye anasema anasemezana, ni mimi nisiyejibu. Badala ya kuleta mgawo alileta nadharia, akaituma kwa mke wangu, ambaye siku hizi ni wifi kwanza na mke baadaye. Nadharia yenyewe ni kwamba kiazi cha dalia hakichipui kwa unene wake. Kinachipua kwa jicho, kijinundu kidogo kuliko punje ya mtama, kinachokaa shingoni tu, pale kiazi kinapokutana na kisiki cha shina. Kiazi kilichokatwa shingo, anasema, kitakaa ardhini kimenenepa mpaka uzee wake na hakitatoa hata jani. Hata mama, anadai, kila mwaka aliyatafuta macho kwanza kwa kidole, na akikosa kuyaona alikiweka kiazi pembeni hata kiwe kikubwa namna gani.

Nimeutafuta msingi wa jambo hili katika Kanuni zetu toka jalada hadi jalada. Hakuna. Kanuni zinatambua uzito, urefu na ujazo. Hazitambui jicho. Na fikiri, Ndugu Mkuu, tukilikubali jicho leo, kesho muuza maharage atakuambia maharage yake yana moyo. Muuza nyama atasema nusu kilo yake ina nia njema. Mteja mwenye kilo nzima atakwenda kulalamika kwa sababu kilo ya jirani yake ilimshibisha zaidi. Tutakagua nini? Mtatuma wakaguzi na mizani au mtatuma waganga?

5. Kwamba mwenendo wa dada unaipa dharau kazi yetu yote. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kumpima mteja. Anamtazama mara moja kutoka mlangoni, anasema "haya, rudi Alhamisi", na Alhamisi nguo inamkaa. Nimemwambia mara nyingi kwamba hiyo ni bahati. Anasema ni miaka ishirini na mbili ya bahati. Sasa tabia hiyohiyo ameihamishia kwenye urithi. Mmea ulipofikisha majani jozi nne aliukata kichwa kwa kucha zake, mchana kweupe, kichwa cha mali ya marehemu. Nilitarajia ufe. Ukatoa matawi sita badala ya moja. Mmea unaonyofolewa unaongezeka, wangu niliouhifadhi bila kuugusa haupo. Hilo ni fundisho baya kwa jamii.

Zaidi ya hayo, anagawa. Kila anayekuja kuchukua nguo anaondoka na ua. Mwalimu wa jirani amepewa. Fundi aliyeziba bomba amepewa mawili. Hakuna rejista, hakuna anayejua ni gramu ngapi zimekwisha kutoka nje ya familia. Kila Ijumaa mke wangu anarudi kutoka kwake na ua moja, analiweka kwenye glasi katikati ya meza ya kulia, kisha ananiambia nile. Mlalamikaji anakula mbele ya kidhibiti. Nimejaribu kusogeza kiti, lakini meza yetu ni ya duara.

6. Kwamba mgawo wa tatu umepotea. Kinyozi, baada ya kuambiwa asimwagilie, alimwagilia kila siku asubuhi na jioni kwa sababu, alivyonieleza huku akininyoa, aliona vimekaa kimya akavionea huruma. Vikaoza. Alinieleza akicheka, nami nikashindwa kumkemea kwa kuwa wembe ulikuwa nyuma ya sikio langu. Nilipomuuliza kama ana uchungu alisema alikuwa nao, ila dada amekwisha kumwahidi kipande msimu ujao, basi ukapungua. Watu wa namna hii ndio wanaofanya haki ionekane ni usumbufu.

Kwa hesabu hiyo, katika kilo moja na gramu mia nane alizoacha mama, gramu mia sita zimeoza, mia sita zimegoma, na mia sita zimechukua nafasi ya zote. Dalia yote ya mama iliyobaki duniani imesimama uani kwa dada, imefungwa kwenye rula.

7. Kwamba siku inakaribia. Baada ya wiki tatu tunakwenda kuweka jiwe kwenye kaburi la mama. Katika kikao cha familia nilichokiongoza mimi, nilipendekeza, na ikakubaliwa, kwamba kila mtoto aje na maua kutoka bustani yake mwenyewe, yaliyotokana na mgawo wake. Nilidhani ni pendekezo zuri. Muhtasari upo, nimeuandika mimi. Sasa kinyozi atakuja na kicheko chake, dada atakuja na maua, na mimi, kifungua mimba, nitasimama mbele ya kaburi nimeshika kiazi. Mkono mtupu haulambwi, lakini mkono wenye kiazi sijui unafanywaje.

8. Kwamba kuna jambo lisilopimika. Nilikusudia kuishia pale juu, lakini nimezoea kuandika ripoti kamili. Nilipokuwa nikichungulia pale ukutani wiki iliyopita, nilimwona dada akiinamia mmea na kuusemesha kama mama alivyokuwa akifanya, mkono mmoja kiunoni, akiugombeza. Moyo uliniuma. Niliwaza kwamba ndiyo hivyo basi, mama alimpenda zaidi, na hata baada ya kufa amechagua achanue kwa nani. Nina miaka sitini na tatu, Ndugu Mkuu, na nimesimama barabarani na mkate nisiouhitaji nikimwonea wivu dada yangu kwa sababu ya ua. Nimetafuta katika kabati langu la mawe ya mizani, kuanzia kilo kumi hadi gramu moja. Hakuna jiwe la kupimia hilo, na kama Ofisi inalo, kwa nini hatukuwahi kuonyeshwa?

Kutokana na hayo yote, naiomba Ofisi yako ifanye yafuatayo:

(a) Imtume mkaguzi mwenye kitambulisho nyumbani kwa dada yangu kabla ya wiki tatu kwisha, aung'oe mmea wote pamoja na viazi vyake, aukung'ute udongo, aupime, na kila kilichozidi gramu mia sita kigawanywe mafungu matatu. Nimeambiwa na kila mtu niliyemuuliza, hata muuza miche, kwamba dalia iking'olewa katikati ya kuchanua itakufa. Nimelitafakari jambo hilo kwa makini. Ikifa, warithi wote watatu watakuwa hawana kitu, na itakuwa mara ya kwanza tangu mama afariki kwa mgawo wetu kuwa sawa kabisa. Katika kazi yangu yote sijawahi kuona mizani iliyotulia vizuri zaidi ya ile isiyo na kitu upande wowote.

(b) Iichunguze gramu yenyewe. Mizani nimeikagua mara tatu, haina hatia. Kisu hakina hatia. Mimi nimejikagua, sina hatia. Imebaki gramu. Kama gramu ya dada inatoa maua kumi na manne na gramu yangu inatoa "Hakuna", basi mojawapo si gramu, na wananchi wana haki ya kujua ni ipi wanayouziwa.

(c) Itoe tangazo kwa familia zote zilizowahi kugawana kitu chochote kwa mizani, mchele, shamba la karanga, dhahabu za bibi, kwamba migawo yote hiyo isimamishwe na irudiwe mara Ofisi itakapopata kifaa cha kupimia kilichomo ndani. Najua zoezi litachukua muda. Mimi nipo, sina kazi, na pensheni inatosha nauli.

(d) Irudishe rula ya mita katika matumizi yake ya halali. Kwa hili sitarudi nyuma.

Natumaini hutaichukulia barua hii kama ugomvi wa nyumbani. Ugomvi wa nyumbani huishia nyumbani. Huu umeshavuka ukuta na kusimama barabarani.

Nisalimie wote ofisini: karani wa mapokezi, ambaye najua amekwisha kuifungua; dereva wa gari la ukaguzi, na umwambie mgongo wangu bado unazikumbuka zile njia; mama wa chai, anayepima sukari kwa jicho na hajawahi kukosea, ingawa tuliwahi kumwandikia; na vijana wapya wote ambao hawanijui, waambie mizani ifutwe vumbi kabla ya kazi na baada ya kazi. Mwenzi wako na watoto pia. Mke wangu anakusalimu. Kinyozi angekusalimu kama angejua naandika. Dada yangu hajui, na naomba abaki hivyo mpaka mkaguzi abishe hodi.

Wako aliyestaafu kazi bila kustaafu haki,

Bwana Gramu,
Mkaguzi Mstaafu, Daraja la Pili

TANBIHI

Barua ilikwisha kuwa tayari jana jioni. Asubuhi hii nimempa mke wangu aisome kwa ajili ya makosa ya herufi tu, kama kawaida yetu. Ameisoma mpaka mwisho na kuiweka mezani bila kusahihisha hata herufi moja, jambo ambalo si kawaida yetu. Kisha ameniuliza kama nakumbuka kwamba, siku ile ya kugawana, katikati ya kazi niliondoka kwenda kutafuta miwani.

Nakumbuka. Miwani ilikuwa mfukoni.

Anasema nilipotoka, dada alivigeuza viazi vyote vitatu vilivyokuwa kwenye sahani yangu, kimoja kimoja, akavipapasa shingo kwa kidole. Akapapasa na vya kinyozi. Nilikuwa nimevisafisha vyote vizuri mno. Halafu akachukua kile kipande cha mabaka kutoka upande wake, kile cha kwenye kisiki, ambacho ndicho pekee katika fungu zima kilichokuwa kimebaki na macho, mawili, akakichomeka katikati ya viazi vyangu. Mke wangu akamuuliza anafanya nini. Hiki nilichosikia leo ndicho alichomjibu siku ile, nami nakiandika kama nilivyopewa:

"Kaka hajalia tangu tumzike mama. Mwache achukue chenye uhai."

Nimembishia mke wangu kwa dakika kadhaa. Nimemwambia kama ni hivyo, mbona kipande kile kinachanua kwa dada na si kwangu. Kabla sijamaliza kuuliza nilikumbuka mwenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, maombi (a) hadi (d) nayaondoa. Mkaguzi asitumwe, gramu iachiwe huru, na rula ibaki ilipo. Pote panapotajwa mlalamikiwa, naomba karani apige mstari na kuniandika mimi. Nimekwisha kuvaa viatu, nakwenda kwa dada sasa hivi kabla hajafungua duka, na sijui nitaanzia wapi.

Ofisi inahitaji maelezo kamili, basi haya hapa. Nilirudi na miwani usoni. Sahani yangu ilikuwa imezidi gramu arobaini, na sahani ya dada ilikuwa imepungua arobaini. Nilikiona kile kipande kibaya kimekaa katikati ya viazi vyangu vizuri, nikadhani nilikosea kukipanga. Nikakitoa kwa vidole viwili, nikakirudisha upande wake. Mizani ikatulia. Nikamwambia dada sitaki mtu aje aseme nilimdhulumu, nikampa kalamu atie sahihi kwamba amepokea kilicho chake. Alinitazama kidogo, kisha akatia sahihi.